Kamasi zinashuka kooni, sainasi zinaziba: dawa za Kiayurveda (tiba asili ya India) za nyumbani, vipimo ni vipi?

Kirumba_Pwani: Habarini wakuu. Niko Kirumba, karibu na ziwa. Kipindi hiki cha vumbi pua inaziba usiku, kamasi zinashuka nyuma ya koo, asubuhi ni kujikohoza hadi makohozi yatoke. Homa sina. Nasikia Wahindi wanasafisha pua kwa maji ya chumvi (neti) na kulamba tangawizi kwa asali. Naomba vipimo. Na je, maji ya ziwa yakichujwa yanafaa?

Bint_Igoma: Maji ya ziwa hapana, mkuu! Kitambaa hakizuii vijidudu. Maji matamu yenye joto huweza kuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Ukimnywa hakudhuru, akipanda puani hufika kwenye ubongo na wachache sana hupona. Hata ya bomba, chemsha yatokote dakika nzima, funika, yapoe hadi uvuguvugu.

Kipimo: nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, kisawazishe kwa kisu, kwa maji ya kujaza chupa ya soda ya mililita 350. Pua ikiwasha kama umepaliwa, chumvi ni kidogo au maji ni ya baridi. Ikichoma na kukauka, chumvi imezidi. Ukikosa birika dogo la neti, bomba la sindano la mililita 20, jipya na lisilo na sindano, linatosha.

Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, achama na upumulie mdomoni. Mimina taratibu tundu la juu, yatokee la chini, kisha geuza upande. Usimeze mate wala kuongea wakati maji yanapita, yataingia masikioni. Ukimaliza inama mbele mabaki yachuruzike, penga polepole matundu yote yakiwa wazi. Pua ikiwa imeziba kabisa usilazimishe, jifukize kwanza. Chombo kioshe na kikauke kila mara.

Viungo_Sokoni: Ya kulamba inaitwa trikatu: tangawizi kavu, pilipili manga na pipali (ile pilipili ndefu, iulizie maduka ya viungo ya Wahindi), sawa kwa sawa, zisagwe. Robo kijiko cha chai ndani ya kijiko cha asali, mara mbili kwa siku baada ya kula. Wenyewe Waayurveda hawachemshi asali, kwa hiyo ukiitia kwenye chai, chai ipoe kwanza. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Vidonge vya Kiayurveda visivyojulikana vilikotoka achana navyo, vingine vimekutwa na risasi na zebaki.

Bint_Igoma: Naongezea hapo. Kusafisha pua kuna tafiti nyuma yake. Trikatu nafuu yake ni ya kooni tu. Na kama makohozi yanazidi ukilala baada ya kushiba, au una kiungulia, huenda ni tindikali inayopanda. Hapo pilipili inachochea. Maliza kula masaa matatu kabla ya kulala, inua kichwa cha kitanda.

Kirumba_Pwani: Kujifukiza je, dada? Nyumbani kuna watoto.

Bint_Igoma: Wewe jifukize, dakika tano hadi kumi, maji yaliyoepuliwa, beseni pana mezani, siyo sufuria mapajani. Kivumbasi au mkaratusi kiasi kidogo. Watoto wakae mbali, maji yakimwagika yanababua ngozi. Jicho likivimba, kichwa kikiuma sana au hali ikipita siku kumi bila nafuu, nenda hospitali. Kikohozi cha wiki mbili, au makohozi yenye damu, kapime kifua kikuu, vipimo ni bure.