Kwa trela hadi bahari ya Aktiki, bila viza ya Marekani

Kutoka Regina

Wanajumuiya hamjambo,

Mimi na mume wangu tumepata likizo ya pamoja mwezi wa Julai, mara ya kwanza tangu tuhamie hapa Regina, Kanada. Watoto watabaki na bibi yao. Tuna pikapu yetu na tunataka kukodi trela ya kulala twende nayo hadi Alaska. Wote wawili tuna kadi za ukaazi wa kudumu na pasipoti za Tanzania. Video nimeangalia nyingi, lakini wanaozungumza humo hakuna anayeulizwa viza. Aliyewahi kupita huko anielekeze: barabara ikoje, tubebe nini, na je, ni salama kwa watu wetu? Ahsanteni.

Kutoka Edmonton

Dada, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi hujambo mdogo wangu.

Mimi na mume wangu tumeipita barabara hiyo na trela, kwenda na kurudi, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa kirefu. Naanza na makaratasi, maana hayo ndiyo yatakayoamua safari yenu iishie wapi.

Kadi yenu ya Kanada haiwaingizi Alaska. Alaska ni Marekani, na mwenye pasipoti ya Tanzania anatakiwa viza hata awe ameishi Regina miaka ishirini. Mkenya, Mganda, Mkongo na Mrundi ni vivyo hivyo. Mkienda bila viza, mtakuwa mmevuta trela zaidi ya kilomita 1,800 kutoka Dawson Creek, inakoanzia barabara ya Alaska, hadi Beaver Creek, karibu na mpaka, ili mrudishwe mpakani. Wakati ule mume wangu alikuwa anasafiri kwa hati ya mkimbizi, kwa hiyo tangu mwanzo tulipanga kutovuka. Leo hata nikipewa viza mkononi, nitapanga vilevile.

Sababu ni hii. Hifadhi ya Kluane, yenye Mlima Logan wa mita 5,959, mrefu kuliko yote Kanada, iko Yukon, jimbo la Kanada linalopakana na Alaska. Dawson (si Dawson Creek), mji wa dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1896, uko Yukon. Na kama hamu yenu ni kufika mwisho wa nchi kavu, tangu Novemba 2017 kuna barabara inayokwenda hadi Tuktoyaktuk, ufukweni mwa bahari ya Aktiki, yote ndani ya Kanada. Kule Alaska, barabara ya Dalton inakuachia Deadhorse, kambi ya visima vya mafuta. Kipande cha mwisho hadi baharini hupiti na gari lako, lazima ulipie ziara. Kwa hiyo asiye na viza ndiye anayefika ufukweni kwa gari lake mwenyewe. Nakusihi uliangalie hilo kabla hujaanza kuhangaikia mahojiano ya viza.

Sasa trela. Kabla hujamlipa anayekodisha, piga magoti uangalie matairi. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Trela tuliyoletewa sisi ilikuwa na matairi yanayong'aa, kashata, yaani meno ya tairi, zimejaa, lakini tarakimu zilionyesha yana miaka minane. Tairi la trela huzeeka kwa kusimama tu juani, halihitaji kuwa kipara ndipo lipasuke. Tulikataa kuondoka hadi yakabadilishwa yote, na nawe ukatae. Mtu akikuambia "mbona bado mapya", msomee tarakimu.

Kupakia nako ni kazi ya akili. Uzito unaokalia ndoano ya gari uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela ikiwa imeshapakiwa. Ukirundika magunia na madumu nyuma, kichwa cha trela, pale inaposhikana na gari, kinakuwa chepesi, na lori likikupita mkia unaanza kuyumba. Ikiyumba, usiikanyagie breki gari. Achia mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, kisha bonyeza kwa mkono breki ya trela peke yake, kwenye kile kidude kinachofungwa karibu na dashibodi. Mfanye mazoezi wote wawili kwenye uwanja mtupu, maana dereva mmoja kwa umbali ule ni kujitafutia ajali ya usingizi. Tena msome kile kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachotaja uzito wa watu na mizigo. Uzito wa kichwa cha trela unahesabiwa humo, na pikapu nyingi hujaa hapo kabla injini haijalemewa.

Kila tuliposimama kujaza mafuta, mume wangu aliizunguka trela akigusa kwa kiganja kikombe cha katikati ya kila gurudumu. Joto likiwa sawa pande zote, twende. Karibu na Fort Nelson kimoja kilikuwa kinaunguza, vingine vuguvugu tu. Beringi ilikuwa imekauka grisi. Fundi aliifungua, akaisafisha, akaijaza grisi mpya, nasi tukalala palepale mjini. Hapo ndipo pa kuligundua jambo kama hilo, kwa sababu ukitoka Fort Nelson unaingia milimani, simu haishiki kwa saa nyingi, na mwenye winchi anakutoza kwa kilomita.

Barabara yenyewe ni lami, msiogopeshwe na hadithi za zamani. Kutoka Dawson Creek hadi Fort Nelson ni malori na misitu, hamna haja ya kukaa. Baada ya hapo ndipo nchi inapobadilika: Summit Lake, Ziwa Muncho lenye maji ya kijani kama shali ya hariri, kondoo wa milimani wanaosimama katikati ya njia kulamba chumvi, na karibu na Liard makundi ya nyati wa misitu wanaolala kando ya lami bila wasiwasi na mtu. Usiku msiendeshe. Kiza ni kifupi mno kiangazi, lakini wanyama hao hawaonekani hadi uko juu yao. Liard kuna chemchemi ya maji moto, nyuzi 42 hadi 52, ndani ya msitu. Wahini asubuhi kabla ya umati.

Sehemu inayovunja trela iko mbele zaidi, kati ya Destruction Bay na Beaver Creek. Chini ya lami kuna udongo wa barafu ya kudumu. Barafu inayeyuka, barabara inazama na kupanda mawimbi mawimbi. Kwa kuwa hamvuki mpaka, hamna sababu ya kufika huko na trela. Fikeni Ziwa Kluane, mlale, mgeuze.

Mafuta: tukifika nusu tenki tulijaza, bila kubishana na bei. Pikapu ikivuta trela inakunywa karibu mara mbili ya kawaida yake. Kambi za serikali ya Yukon hazina umeme wala bomba la kuunganisha, lakini kuni zinatolewa bila malipo ya ziada, jambo lililonifurahisha mno. Kabla ya kulala angalieni taarifa za barabara, DriveBC upande wa British Columbia na 511 upande wa Yukon, kwa sababu moto wa misitu hufunga njia ghafla. Mei 2024 Fort Nelson yote ilihamishwa watu.

Chakula: bebeni unga wenu, mchele na viungo, huko mbele vitu ni ghali. Ila dagaa na nguru mkavu vikae ndani ya gari lililofungwa, ndani ya chombo kisichopitisha harufu. Maji ya kuoshea samaki yapelekwe kwenye shimo la maji machafu, yasimwagwe nyuma ya trela. Dubu ananusa kutoka mbali kuliko unavyodhani. Dawa ya pilipili ya kumfukuzia iwe kiunoni, haisaidii ikiwa kabatini. Na mbu! Sisi wa Tanga tunajidai tunawajua mbu. Chukueni vyandarua vya kichwa.

Umeuliza usalama wa watu wetu, na hili nalijibu kwa moyo wote. Barabara hiyo ilichongwa mwaka 1942, wakati wa vita, na zaidi ya wanajeshi 10,000 wa Marekani. Karibu theluthi yao walikuwa Weusi, vikosi vya wahandisi vya 93, 95 na 97, vikitengwa na wenzao weupe na mara nyingi vikipewa zana duni. Kikosi cha 95 ndicho kilichojenga daraja la Mto Sikanni Chief kwa siku chache tu. Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, koplo Mweusi wa kikosi cha 97, Refines Sims Jr., akiendesha tingatinga kutoka kaskazini, alikutana uso kwa uso na askari mweupe, Alfred Jalufka, aliyekuwa anatoka kusini. Hapo kipande cha mwisho kikaungana. Jeshi la Marekani liliamriwa kuacha ubaguzi mwaka 1948 tu. Kwa hiyo usiingie huko ukijiona mgeni wa barabara hiyo. Sisi tulipokewa vizuri. Tulitazamwa, ndiyo, katika vijiji vidogo, na mara zote kutazamwa kuliishia kwenye "mmetoka wapi?" na kikombe cha kahawa.

Pale Watson Lake kuna msitu wa vibao, ulioanzishwa na askari mmoja mwaka huo huo wa 1942 kwa kupigilia kibao cha mji wake. Sasa vimezidi 80,000. Chongeni chenu kabla hamjaondoka Regina, na mbebe nyundo na misumari. Chetu kimeandikwa TANGA upande mmoja na BUKAVU upande wa pili.

Kutoka Minneapolis

Dada wa Edmonton, ubarikiwe. Naongeza kwa ajili yetu tulio upande wa Marekani. Ukiwa na green card huhitaji viza ya Kanada, lakini beba kadi hiyo pamoja na pasipoti yako ya taifa ambayo haijaisha muda. Kadi peke yake haitoshi. Shemeji zangu wanaowinda wasidhani watapita na bastola. Iacheni nyumbani kabisa.

Kutoka Winnipeg

Asalaam aleikum. Mwenye kufika Inuvik, mji ulio njiani kuelekea Tuktoyaktuk, asikose kuuona msikiti. Ulijengwa huku kwetu Manitoba, ukapakiwa mzima mzima kwenye trela, ukavutwa hadi Hay River, ukateremshwa Mto Mackenzie kwa tishari, ukafika Septemba 2010. Safari yake nzima ni kama kilomita 4,000. Kule jua halizami karibu miezi miwili, na waumini wa pale wamewahi kufuata saa za Edmonton katika Ramadhani. Msafiri naye apange saa zake na shekhe wake kabla ya kuondoka, asije akaanza kubishana na jua njiani.

Kutoka Regina

Nimesoma yote na mume wangu, mara mbili. Alaska tumeiacha, tunakwenda Tuktoyaktuk. Swali moja, dada: hiyo barabara ya kwenda Inuvik, trela inapita?

Kutoka Edmonton

Inapita, na wapo wanaoivuta, lakini mimi nakuomba usiivute. Barabara ya Dempster ni changarawe tupu, zaidi ya kilomita 700 kutoka karibu na Dawson hadi Inuvik, kisha kama 140 nyingine hadi Tuktoyaktuk. Kokoto zake zina ncha, zinachana matairi. Lipieni mahali pa kuegesha trela Dawson, mwende na pikapu na hema. Spea tairi mbili, si moja, zikiwa na rimu zake. Jeki, ubao wa kuiwekea chini isizame kwenye tope, na pampu ya upepo.

Ondokeni na tenki limejaa. Kituo cha kwanza cha mafuta ni Eagle Plains, kilomita 369 kutoka inapoanzia Dempster, na kina vyumba pia. Mzingo wa Aktiki mtauvuka kilomita 36 mbele yake. Baada ya hapo kuna mito miwili, Peel na Mackenzie, yenye vivuko badala ya madaraja. Havitozi nauli, ila maji yakijaa au magogo yakiwa mengi mtoni vinasimama, na hakuna njia nyingine. Wekeni siku za akiba na chakula cha akiba kwa ajili hiyo, na mvua ikinyesha mfululizo msubiri Eagle Plains hadi njia ikauke.

Lori likija mbele yenu, punguzeni mwendo hadi karibu kusimama na msogee kando, kwa ajili ya kioo cha mbele. Bima ya kioo ikateni kabla ya safari. Na namba za vyumba vya Inuvik nitakutumia wewe binafsi, kwa sababu mwezi wa Julai hujaa mapema.