Ushauri: mrija wa kuchujia maji, vidonge vya klorini au jiko la kuchemshia? Safari ya miguu Kondoa

Kizota_Juu
Habari za jioni wadau. Tunajiandaa na safari ya kutembea kwa miguu na kulala porini huko Kondoa. Mambo mengine yamekaa sawa, tumebaki kwenye maji ya kunywa. Kuna mrija ule wa kuchujia, unanyonya moja kwa moja. Kuna vidonge vya klorini. Kuna jamaa anashikilia tubebe jiko dogo la gesi tuchemshe. Hela ipo ya kununua kimoja tu kwa kikundi kizima, na nataka kununua wiki hii. Kipi bora?

Fundi_Nkuhungu
Mkuu, hujasema mko wangapi, mnaenda mwezi gani, mnapita wapi. Kondoa ni kubwa. Huwezi kupewa jibu hapo.

Nesi_Ipagala
Na uongeze: kuna mtoto, mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo kati yenu? Dawa gani mnabeba? Maji ni sehemu moja tu ya safari.

Bodi_ya_Barabara
Nunua mrija. Mwepesi, unauweka mfukoni, hauhitaji moto wala kusubiri. Mimi sitoki bila wangu. Mengine ni kujitesa.

Mrangi_wa_Pahi
Kijana, ukisema Kondoa taja mahali. Mnakwenda kwenye michoro ya kale ya miambani ya Kolo au mnashuka chini ya miteremko? Juu na chini maji yake hayafanani hata kidogo.

Kizota_Juu
Shikamoo mzee wangu. Samahani wote. Tuko watu saba, wote wazima, hakuna mtoto. Siku nne, mwezi wa kumi. Tunaanzia Kolo, tunaona michoro, halafu tunashuka kuelekea Pahi na kuendelea na vijiji vya huko chini. Tutalala kwenye mahema.

Mrangi_wa_Pahi
Marahaba. Mwezi wa kumi ndio ukavu wenyewe, mvua haijaanza na jua ni kali. Makorongo yote ni mchanga mtupu. Watu wanachimba kwenye mchanga hadi maji yatokeze, wanayakomba kwa kata. Kisima kizuri kinazungushiwa miiba ng'ombe wasiingie. Mkikuta shimo halina miiba na limezungukwa na kwato na samadi, msiguse hayo maji hata mkiwa na dawa gani. Ombeni mwenyeji awaoneshe shimo la watu. Na mkifika Kolo pitieni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, mjiandikishe na mpate mtu wa kuwaongoza. Yale ni maeneo ya Urithi wa Dunia tangu 2006, huwezi kujipandia mlima tu.

Fundi_Nkuhungu
Sasa tunaweza kuongea. Watu saba kwa jua la mwezi wa kumi, kadiria lita nne kwa kila mtu za kunywa, tena hiyo ni bila uji na ugali. Ni lita 28 kwa siku. Jiko la gesi litachemsha, lakini nani atabeba mtungi? Wa kilo 6 ukiwa na chuma chake unazidi kilo kumi. Na maji yakishachemka yanataka muda wa kupoa, wakati watu wana kiu.

Nesi_Ipagala
Ngoja niweke sawa kitaalamu, maana hapa watu wanapenda kifaa kuliko kujua kinafanya nini.

Kuchemsha kunaua vyote: bakteria, virusi, amiba, minyoo. Yakichemka na kutoa mapovu makubwa kwa dakika moja yanatosha kwa miinuko ya huko kwetu.

Klorini inaua bakteria na virusi, lakini kuna vijidudu vyenye ganda gumu, hasa kriptosporidia, haiviwezi. Tena maji yakiwa na tope inapotea kwenye tope. Ndiyo maana kwenye maji machafu mnaambiwa mchuje kwa kitambaa kwanza na kuongeza dozi mara mbili, halafu msubiri nusu saa. Jingine: vidonge vya WaterGuard vinavyouzwa maduka ya dawa vimepimwa kwa ndoo ya lita 20. Huwezi kukimega ukatupia kwenye chupa ya lita moja kwa kukisia. Kwa hiyo mkichagua vidonge, lazima muwe na dumu.

Mrija unazuia bakteria na hivyo vyenye ganda gumu, lakini virusi ni vidogo mno, vingi vinapita. Homa ya ini aina A ni kirusi. Rota ni kirusi. Kaka Bodi, mrija ni mzuri ila si kinga kamili kwenye kisima ambacho watu wanaishi pembeni yake.

Bodi_ya_Barabara
Dada nesi nakuheshimu, lakini nimeutumia miaka na sijaugua.

Mama_Area_C
Kaka Bodi, mimi nitakusimulia tuliyoyaona, kwa sababu sitaki mwingine ayapitie.

Tulikuwa kundi upande wa milima ya Mpwapwa, kiangazi kama hicho. Kila mtu na mrija wake, ndicho kitu pekee alichotuagiza kiongozi wa msafara. Siku ya kwanza raha tupu. Siku ya pili tukafika kwenye shimo la mchangani, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Ukinyonya mara kumi unapata tama moja. Mchana mirija karibu yote ikawa imeziba, na bomba la kuisafishia kwa kusukuma maji kinyume hakuna aliyelibeba. Kijana mmoja kiu ikamzidi, akainama akanywa hivyohivyo kwa viganja.

Jioni akaanza kutapika. Usiku akawa anaharisha bila kupumzika. Alfajiri nilimshika mkono, nikaivuta ngozi ya mgongo wa kiganja chake, ikabaki imesimama hairudi. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, hajakojoa tangu jana yake. Kwenye mizigo yote hakuna ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, hata pakiti moja. Mikasi ipo, bandeji zipo, dawa ya mafua ipo! Mtandao wa simu hakuna. Tukachemsha maji yaliyobaki, tukatia sukari na chumvi, nikawa namnywesha kwa kijiko, akitapika nasubiri dakika kumi naanza tena. Wawili wakashuka kutafuta bodaboda. Ilipofika tulimkalisha katikati, mtu nyuma amemshika, hadi zahanati. Akatundikiwa dripu, akapona, Mungu mkubwa. Lakini ile barabara ya kushuka sitaisahau.

Kwa hiyo kabla ya kubishana mrija au vidonge, nunueni ORS. Nyingi.

Nesi_Ipagala
Asante mama. Kila mtu abebe pakiti zake, si sanduku moja kwa kundi zima. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na ikishakorogwa inatumika ndani ya saa 24. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha si vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari. Mtu akiharisha damu au akalegea, msisubiri kesho.

Singida_Boy
Na floraidi je? Kanda ya kati visima virefu vingine vina floraidi juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha WHO. Hakuna kati ya hivyo vitatu kinachoitoa. Ukichemsha ndiyo kwanza inazidi kukolea.

Nesi_Ipagala
Kweli kabisa, lakini hiyo inaharibu meno na mifupa kwa kunywa miaka mingi. Siku nne isikunyime usingizi. Cha kuogopa zaidi ni kichocho. Msioge wala kulowesha miguu kwenye malambo yenye maji yaliyotuama na konokono, hata joto liwe kali vipi.

Bodi_ya_Barabara
Sawa, nimeelewa. Basi mrija pamoja na vidonge. Ila msisahau jiwe la nyoka, kule vifutu ni wengi.

Nesi_Ipagala
Hapana kaka! Jiwe la nyoka ni mfupa uliochomwa, hauvuti sumu. Linapoteza muda ambao mgonjwa angekuwa njiani kwenda hospitali.

Mrangi_wa_Pahi
Mwanangu, mimi nimeona watu wakiwekewa na wakapona.

Nesi_Ipagala
Mzee wangu, sikubishii ulichokiona. Nyoka wengi wanaouma hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine wanauma bila kuitoa. Huyo angepona hata bila jiwe. Anayeumwa na kifutu au koboko kweli hapaswi kusubiri jiwe lidondoke. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu. Vueni pete na saa, mguu utulizwe kwa kufungwa kwenye ubao au fimbo, abebwe, asitembee. Na kabla ya hayo yote: buti na tochi. Kifutu hakimbii, analala njiani hadi umkanyage.

Fundi_Nkuhungu
Buti kwa joto lile? Wenyeji wote wanatembea na makubazi ya tairi.

Nesi_Ipagala
Na ndio tunaowapokea wodini.

Mrangi_wa_Pahi
Buti vaeni, hapo nakubaliana na nesi. Kuhusu dumu, msibebe mgongoni. Kodisheni punda na mwenye punda. Anabeba madumu mawili bila shida na mwenyewe anajua mashimo ya maji. Siku hizi wamepungua, biashara ya ngozi iliwamaliza.

Singida_Boy
Si imepigwa marufuku? Umoja wa Afrika ulipitisha Februari 2024.

Mrangi_wa_Pahi
Imepigwa, lakini punda anabeba mimba mwaka mzima na anazaa mmoja. Kurudi kama zamani si leo.

Fundi_Nkuhungu
Bodaboda anakupelekea madumu mahali pa kulala jioni, yameshatiwa dawa. Punda wa nini?

Mama_Area_C
Bodaboda kwenye mchanga wa korongo na lita 40? Jaribu kwanza.

Kizota_Juu
Asanteni sana wote. ORS na buti nimeandika kwanza. Kwenye maji naona vidonge, dumu mbili na kitenge cha kuchujia, na kila mwenye mrija wake aje nao. Mwenzetu wa jiko bado hajakubali, anasema harufu ya klorini inamtapisha.

Nesi_Ipagala
Mwambieni mkishasubiri nusu saa, muyamimine kutoka chombo hadi chombo mara kadhaa, harufu inapungua. Na kifaa cha kuchemshia lita mbili tatu za mgonjwa mbebe tu. Mmefikiria chandarua?

Bodi_ya_Barabara
Mwezi wa kumi na ukame huo, mbu watoke wapi?

Nesi_Ipagala
Kwenye hayohayo mashimo ya maji mnayolala karibu nayo. Laleni mbali kidogo na maji, chini ya neti. Na homa ikimshika mtu wiki moja au mbili baada ya kurudi, akapime malaria, asinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

Singida_Boy
Mimi naomba kujua hema gani mnatumia. Upepo wa kanda ya kati ulinichania la kwangu usiku mmoja tu.

Fundi_Nkuhungu
Hema fungua mada yake mkuu, tutakuja huko. Kizota, mwenye punda umempata au nikuunganishe na dereva wangu wa boda Kolo?