Tupeane uzoefu: kuwafundisha walimu Hisabati mtandaoni kwa michoro

Ndugu wakufunzi, naanza na yaliyonikuta. Niliwauliza walimu wa shule za msingi moja na robo tatu ukigawanya kwa nusu unapata ngapi, nao wakageuza sehemu ya pili, wakazidisha na kujibu 3½ bila shida. Nilipowaomba wachore mistatili kwenye daftari, wapige picha kwa simu na kuzituma kwenye kundi letu la WhatsApp, wengi walihesabu nusu tatu, wakaona robo imebaki, wakaandika 3¼. Kipindi karibu chote kiliishia kwenye kipande hicho, hadi mwalimu mmoja alipowaeleza wenzake kwamba robo ya kitu kizima ni nusu ya kile tunachopimia. Ningewaonyesha mchoro uliokwisha kuchorwa, wangeitikia tu, nami nisingeligundua tatizo hilo.

Mkufunzi, Morogoro
Nakuunga mkono. Mimi nimeacha slaidi kabisa: simu naiegemeza juu ya vitabu, kamera ikitazama karatasi, nachora polepole huku wakinifuata. Kwa 23 × 14 tunagawa upande mmoja wa mstatili 20 na 3, mwingine 10 na 4, tunapata vyumba vinne, 200, 80, 30 na 12, ambavyo jumla yake ni 322. Safari moja mwalimu wa sekondari alituma mchoro uleule akiwa ameandika (x + 3)(x + 4) pembeni, jambo ambalo sikuwa nimelitaja, na nilifurahi sana.

Mwalimu, Kitui
Kwetu shida ni bando. Natuma picha ndogo usiku wa kuamkia kipindi, ili ambaye mtandao utamkatikia awe na mchoro mkononi.

Mkufunzi, Mbeya
Naomba kuongeza tahadhari. Nilipofundisha 3 − (−2) kwa mstari wa namba na mishale, mwalimu mzoefu aliniambia waziwazi kwamba mishale imemchanganya kuliko kanuni, na alikuwa na haki, kwa sababu sikueleza mshale unasimama badala ya nini. Wiki iliyofuata niliuliza tu: kutoka −2 hadi 3 ni hatua ngapi, na kuelekea upande gani? Walihesabu tano, kuelekea kulia, kisha yeye mwenyewe akaomba tujaribu −2 − 3, tukaona hatua ni zilezile tano ila mwelekeo umegeuka.

Mwanzilishi wa mada
Swali hilo la hatua nitalitumia Jumamosi, nikianza na karatasi tupu.