Naomba ushauri: Tumkumbuke vipi Ami wetu wa kriketi?

Mleta uzi, Mombasa

Assalaam alaykum wadau. Tumefiwa na Ami. Watoto wa klabu ndio walioanza kumwita hivyo, mwisho hata sisi wa rika lake tukafuata.

Hakuwahi kuchezea Kenya. Alikuwa akiingia kupiga nambari 11, yaani wa mwisho kabisa, na mipira yake ya spini ilikuwa ya taratibu mno. Lakini siku ya mechi, alfajiri tu ikitoka, ungemkuta uwanjani anatandaza mkeka wa kuchezea na kuuvuta mpaka usibaki na kunyanzi hata moja. Kisha anapima yadi 22 kwa kamba yake ya mafundo na kuchora mistari kwa chokaa. Asipopangwa kucheza anakaa na kitabu cha alama. Kila mpira usiozaa mkimbio anatia nukta. Nukta sita za ova moja, yaani mipira sita mfululizo, anaziunganisha ziwe herufi M, na wiketi ikianguka humo, yaani mpigaji akitolewa, ziwe W. Kijana asiye na nauli au glavu alijua pa kwenda, na hakuna aliyewahi kumsikia Ami akilitaja jambo hilo mbele za watu.

Sasa kamati imegawanyika. Wengine wanataka mashindano makubwa yenye jina lake, wafadhili, mahema, muziki. Mimi naona hayamfanani kabisa. Familia wamesema hitma watasoma nyumbani, klabu ifanye itakavyoona mradi isiwe fujo. Mjane yuko eda, kwa hiyo tunazungumza kupitia bintiye. Pesa tulizo nazo si nyingi. Mnatushauri nini?

Mrushaji wa Kushoto

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Poleni sana. Anzeni na lisilo na gharama: vitambaa vyeusi mkononi katika mechi ya kwanza. Na 2014, alipofariki Phillip Hughes wa Australia baada ya kupigwa na mpira, watu wa nchi nyingi waliegemeza magongo yao nje ya milango. Hakuna aliyetafuta mfadhili kwa hilo. Waambieni watoto wafanye vivyo hivyo nje ya klabu.

Dakika ya kimya wengine hawaipendi. Someni Fatiha, na wasio Waislamu wasimame kwa heshima yao.

Umm Salama

Ndugu yangu, marehemu mfanyie kitu kitakachomfaa huko aliko. Sadaka jariya. Hapo uwanjani watoto wanakunywa wapi maji? Kama hakuna bomba, vuteni bomba na tangi dogo. Kila atakayekunywa, thawabu zinamfikia. Muulizeni bintiye kwanza, maana huenda familia nao wanataka kuchangia. Jina si lazima liandikwe, Mola anamjua.

Kipa Mstaafu, Nairobi

Mimi nitampinga kidogo dada yangu hapo juu. Bomba vuteni, lakini jina liandikwe. Maurice Odumbe wa timu ya Kenya tunamkumbuka kwa ile siku ya Pune, India, kwenye Kombe la Dunia la 1996, tulipowatoa West Indies wote kwa mikimbio 93 baada ya sisi kupata 166, kwa sababu kuna mtu aliandika: Odumbe, wiketi 3 kwa mikimbio 15. Isingeandikwa, leo tungekuwa tunabishana.

Ami wenu ndiye aliyekuwa akiwaandika nyinyi nyote. Vile vitabu viko wapi? Kama viko kwenye kabati la klabu, kwa joto na mchwa wa Mombasa, vitoeni leo. Pigeni picha kila ukurasa kabla hamjafikiria jambo jingine. Na kombe likiwepo, asipewe mpigaji bora, huyo ana makombe yake. Lipelekeni kwa yule aliyebeba mkeka msimu mzima.

Mrushaji wa Kushoto

Hapo kwenye kombe nakuunga mkono, Kipa. Na liwe dogo, la kuwekwa mezani kwa mtu.

Mleta uzi, Mombasa

Shukrani sana, hasa Umm Salama na Kipa. Nimeongea na bintiye. Bomba wamelikubali, na kaka zake watatoa mabomba na fundi. Jina mama mwenyewe amesema lisiwekwe kwenye tangi. Kwenye kombe hana neno.

Vitabu vingi viko nyumbani kwao ndani ya sanduku la bati, vimefungwa kwa nailoni, vimepangwa kwa misimu. Nimeonyeshwa picha ya kurasa mbili. Mechi zangu za ujana zimo, pamoja na siku niliyotolewa kwa mpira wa kwanza, na pembeni ameandika kwa penseli: "mpira mzuri, asilaumiwe."

Mahema na muziki kamati imeyaacha. Kinachonisumbua sasa ni kwamba hatuna wa kuweka alama. Vijana wanatumia simu, chaji ikiisha mechi imepotea. Kama kuna mtu wa Mombasa anayejua kujaza kitabu kwa mkono na ana nafasi Jumamosi jioni, aniandikie faraghani. Watoto wa kufundishwa wapo, na kalamu tutanunua sisi.