Tupeane uzoefu: antibayotiki zilizokugomea

Nyar_Nyalenda
Wadau, nimetoka kemisti sasa hivi hapa Kisumu. Mbele yangu kulikuwa na kijana ametumwa: "Mathe amesema mnipe zile za rangi mbili, za hamsini." Akahesabiwa tembe kwenye kibahasha cha kaki, bila jina la dawa, huyoo akaenda zake. Nikakumbuka yangu. Kila nikiumwa tumbo na kichwa, napimwa damu naambiwa "taifodi iko kidogo." Homa gani hii inakuwa kidogo mwaka mzima? Nimezimeza sipro, antibayotiki ya taifodi, mpaka daktari mmoja akanieleza kwamba kipimo cha Widal kinatafuta kinga iliyo kwenye damu, si mdudu mwenyewe, na kwa mtu aliyekulia huku kinga hiyo inaweza kuwa ya zamani. Ukitaka uhakika, damu ioteshwe maabara. Kumbe nilikuwa na vidonda vya tumbo. Haya, leteni zenu.

BodaWaKondele
"Taifodi iko kidogo" 😂😂 huo ni wimbo wa taifa huku kwetu.

Mwalimu_Mstaafu
Dada, usisherehekee bado. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria pia, H. pylori. Barry Marshall wa Australia aliwanywa hao wadudu mwenyewe mwaka 1984 ili athibitishe, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Kwa hivyo antibayotiki bado zinakungoja, tena si moja.

Nyar_Nyalenda
Mwalimu, nilishazimeza. Asante kwa kunikumbusha ule uchungu mdomoni.

Mkulima_Njoro
Mimi nafuga kuku wa mayai. Jirani yangu huwawekea wake antibayotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji ya kunywa hata kama hakuna anayeumwa, ati kinga. Paketi inasema mayai yasiuzwe mpaka siku fulani zipite, lakini trei zake zinafika Nakuru mjini asubuhi ileile. Wangu walipoanza kukoroma nikawapa dawa hiyohiyo. Wakaendelea kukoroma tu, wengine wakafa. Daktari wa mifugo akasema wadudu wa mtaa huu wameshaizoea.

TreiZaBahati
Usitupake matope wafugaji wote. Bei ya chakula unaijua? Kuku wakianza kuhara usiku, asubuhi unazika nusu ya banda.

Mkulima_Njoro
Kuku mgonjwa atibiwe, nani amekataa? Mimi nasema mzima.

TreiZaBahati
Mzima wa leo ndiye mgonjwa wa kesho. Acha tutafute.

Wuod_Ahero
Ngojeni niwaambie ya ndugu yangu. Aligongwa akiwa kwa boda karibu na Ahero, mguu ukavunjika chini ya goti, akawekwa chuma. Kidonda kikakataa kufunga, kikaanza kutoa usaha. Kila siku sindano ya antibayotiki, seftriaksoni, na kila siku harufu inazidi, mpaka wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe. Siku moja daktari wa upasuaji akaja na karatasi ya kutia sahihi ili mguu ukatwe. Ndugu yangu akaiangalia akauliza, "Sasa gia nitabadilisha na nini?" Hakuna aliyecheka. Mama akakataa kutia sahihi, akakaa chini kwenye korido na leso yake, akisema akatwe yeye kwanza.

Usaha ulikuwa umepelekwa maabara. Majibu yakaja: orodha ya dawa, na kando ya kila moja herufi. S maana yake inaua, R maana yake mdudu amekataa. Nikateremka na kidole: R, R, R, R. Mdudu anaitwa Klebsiella. Chini kabisa S moja, meropenemu. Hospitali ilikuwa imeishiwa, tukatumwa kununua nje, sindano tatu kwa siku. Ng'ombe wawili wakaenda, harambee ikafanywa. Chuma nacho kikatolewa, maana walisema wadudu hushikamana nacho wakajifunika kwa utando. Mguu uko. Mfupi kidogo, lakini uko.

BodaWaKondele
Pole sana omera. Mwambie tumemkumbuka stejini.

Shemeji_Busia
Amerudi kazini?

KaziKwaVijana
Hadithi tamu. Sasa tungoje namba ya M-Pesa.

Wuod_Ahero
Nimeomba mtu shilingi? Soma tena.

Nyar_Nyalenda
KaziKwaVijana, kama huna lako kaa pembeni.

Sista_Kakamega
Mulembe. Mimi ni muuguzi. Mdudu wa aina hiyo husafiri kwa mikono, yetu na yenu. Mkija kuona mgonjwa msikalie kitanda chake, na mnawe mkiingia na mkitoka.

Shemeji_Busia
Sista, mfereji wa wodi ukikauka tunawe na mate?

Sista_Kakamega
Hapo umenishinda. Beba kitakasa mikono.

MzeeWaKaunta
Mnatusema sana sisi wa kemisti. Nikimwambia mteja alete cheti cha daktari, anavuka barabara anauziwa palepale. Kodi ya duka nalipa mimi.

Mwalimu_Mstaafu
Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba siku inakuja mtu ataweza kuinunua dukani, ameze kidogo, awafundishe wadudu ukaidi. Malizeni dozi!

Sista_Kakamega
Dozi ni ile uliyoandikiwa, Mwalimu. Siku hizi magonjwa mengine hutibiwa kwa siku chache kuliko zamani. Ubaya ni kujikatia mwenyewe ukaweka akiba ya jirani.

Shemeji_Busia
Mimi nilimeza Flagyl, antibayotiki nayo, nikashushia pombe ya busaa. Moyo ulipiga ngoma ya isukuti. Sirudii.

KaziKwaVijana
Mwarobaini tu. Zingine ni biashara.

MamaPili_Langalanga
Samahani, huu uzi ni wa mguu ama wa dawa? Pili ana mafua tangu jana, kemisti wamenipa Augmentin. Nimpe?

Shemeji_Busia
Mpe nusu.

Sista_Kakamega
Usimpe nusu wala nzima! Mafua ni virusi, antibayotiki haiwagusi. Anapumua haraka? Kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi? Ananyonya?

MamaPili_Langalanga
Ananyonya vizuri, kifua hakibonyei. Ni pua tu.

Sista_Kakamega
Msafishe pua, anyonye. Akibadilika, hospitali usiku huohuo.

MamaPili_Langalanga
Asante sista. Basi kesho nairudisha nipewe pesa zangu.

MzeeWaKaunta
Dawa ikishavuka kaunta haipokelewi, mama.