Bahrain: aliyefichua ubaguzi alifukuzwa, aliyetajwa akabaki na cheo chake

Wakuu, uzi huu naufungua kwa hasira. Kila ikitajwa Bahrain, nchi ya Ghuba inayotawaliwa na ukoo wa Kisunni huku raia wengi wakiwa Mashia, lazima azuke mtu: "Pale hakuna ubaguzi, Mashia wanatumwa na Iran." Haya, basi tumzungumze Salah Al Bandar.

Huyu hakuwa mpinzani wa barabarani. Ni Msudani mwenye uraia wa Uingereza, mshauri wa serikali yenyewe, anakula mshahara wao. Septemba 2006 akatoa ripoti ya kurasa zaidi ya 200, ndani yake nakala za hundi, risiti na barua. Alimtaja Sheikh Ahmed bin Ateyatallah Al Khalifa, waziri, mtu wa ukoo wa mfalme, kuwa kinara wa mtandao wa siri uliomwaga zaidi ya dinari milioni 1. Pesa za nini? Kuwapeleleza Mashia, kuendesha asasi za kiraia za bandia, kuwalipa watu wabadili madhehebu. Tena, na hapa ndipo damu inanichemka, kuwalipa watu washinde mitandaoni wakichochea chuki kati ya Sunni na Shia. Yaani wewe unatukanana na mtu usiku kucha ukidhani anatetea dini, kumbe mwenzako yuko kazini!

Na idara aliyoiongoza Sheikh huyo ndiyo iliyoshika takwimu za raia na maandalizi ya uchaguzi wa Novemba mwaka huohuo. Fisi kakabidhiwa bucha.

Serikali ikafanyaje? Ikakanusha. Al Bandar akapandishwa ndege, akarudishwa Uingereza. Oktoba mahakama ikapiga marufuku kuandika chochote kuhusu sakata hilo. Halafu mshauri akashtakiwa kwa kuchukua nyaraka za serikali na kuiba hundi mbili. Jamani! Kama ripoti ni uzushi mtupu, aliiba nini? Hundi ya kubuni inaibiwaje?

Uchaguzi ukafanyika. Al Wefaq, chama cha Mashia, kikapata viti 17 kati ya 40 vya baraza la bunge linalochaguliwa, lakini juu ya baraza hilo kuna lingine la watu 40, wote wameteuliwa na mfalme. Mwaka 2016 mahakama ikakivunja chama chenyewe.

Sasa wale wa "hakuna ubaguzi", karibuni. Ila habari za Iran wekeni pembeni kwanza, mniambie hundi zile alizisaini nani na kwa kazi gani.