Maji mengi au maji ya kichwani, tunagombania nini hasa?

Wakuu habari za jumapili. Naomba tujadili hili bila matusi maana nyumbani kwetu lishatoka vumbi.

Mimi nimebatizwa KKKT nina miezi minne, maji kichwani mara tatu, cheti ninacho mpaka leo. Mdogo wangu wa kike nae hivyohivyo, ila kaokoka na mchungaji wake kamwambia ule haukua ubatizo, alinyunyiziwa tu kama mchicha. Basi jumamosi tukamsindikiza mtoni. Maji ya kiunoni, baridi balaa, wako kama kumi na mbili na majoho meupe, mtu analazwa chali anainuliwa fasta. Zamu yake ilipofika kazama vizuri ila kiwiko kikabaki juu, mzee mmoja wa kanisa akapiga kelele ukingoni "mkono bado!", wakamrudisha chini. Mama akaniinamia taratibu, "kwa hiyo bila kile kiwiko Mungu asingempokea?"

Sikua na jibu.

Sasa wenzetu wa maji mengi hoja wanayo, sikatai. Baptizo kwa Kigiriki ni kuchovya, kuzamisha. Yohana 3:23 inasema alikua anabatiza Ainoni kwa sababu kulikua na maji tele, Filipo na yule towashi wa Kushi waliteremka wote wawili majini, na Paulo kwenye Warumi 6 anauita kuzikwa, na maiti haizikwi kwa kijiko cha udongo. Hapo nawapa maksi zote.

Lakini ipo Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, wengi wanaiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2. Sura ya 7 inasema batiza kwenye maji yanayotiririka, huna tumia maji mengine, ya baridi yakishindikana ya moto, na kama huna hata hayo mmiminie kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Yani walipenda mto ila hawakumwambia mtu wa nchi kame asubiri masika.

Halafu tuangalie kitu kingine. Waorthodoksi wanazamisha vichanga, mzima mzima, mara tatu. Mpelekee yule mchungaji mtu aliyezamishwa hivyo utotoni huko Ugiriki, atamkubali? Thubutu, atamrudisha mtoni. Na kinyume chake, Zürich januari 1525, wale Waanabaptisti wa kwanza waliodai abatizwe anayeamini tu, walianza kwa kumiminiana maji ndani ya nyumba, na mwenzao Felix Manz mwaka 1527 serikali ya mji ikamzamisha mto Limmat mpaka akafa kwa hilohilo. Maji yao yalikua ya kichwani! Kwa hiyo ugomvi sio lita wala kiwiko, ugomvi ni je mtoto asiyejua kuamini abatizwe au asibatizwe, maji tunayatumia kama kichaka tu. Mimi niko upande wa abatizwe, mlinzi wa gereza wa Filipi kwenye Matendo 16 alibatizwa usiku uleule yeye na watu wake wote, na hakuna palipoandikwa watoto wakae pembeni.

Karibuni, njooni na maandiko.

NYONGEZA: Mlionirushia mstari wa 34 wa hiyo Matendo 16 kwamba nyumba yote ilifurahi kwa kumwamini Mungu, na kichanga haamini, hapo mmenibana kweli, ngoja nikatulie nao. Ila wewe unayesema Katoliki hawajui kuzamisha, kanuni ya 854 ya sheria zao inataja zote mbili, kuzamisha na kumimina, muulize padri yeyote. Na lile swali la mama kuhusu kiwiko hamjaligusa. Mtu yuko ICU na mipira puani, anaomba abatizwe usiku huu huu, mnampeleka mto gani?